Vyambo Elfu Tatu vya Naivasha

Jumatano, 1 Julai

Marufuku ya kuvua mtoni iliisha jana. Nimejua kwa sababu Anko Vedasto amekuja leo kabla ya chai, kofia ya kuvulia kichwani, akasimama mlangoni na kusema, "Mto umefunguliwa, nyinyi bado mmelala?" Hatukuwa tumelala. Mama alikuwa anakanda unga wa chapati na Baba alikuwa anasikiliza ujumbe wa sauti wa Bi Caro kwa mara ya tatu.

Shule imefungwa, na Mama ameniagiza niandike shajara kwa Kiswahili mpaka ifunguliwe. Alikuwa mwalimu Unguja kabla hatujahamia Guangzhou, nikiwa na miaka sita. Sasa nina kumi na minne, na anasema Kiswahili changu kimeanza kusikika kama cha mtu anayesoma tangazo la treni. Kila Ijumaa atasoma na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Ameahidi kugusa lugha tu, si mambo yenyewe.

Mambo yenyewe ni haya. Baba ni mtu wa nguo. Kwa miaka amenunua vitambaa soko la Zhongda na mashati soko la Zhanqian na kuvisafirisha Dar na Mombasa. Siku hizi wateja wanaagiza wenyewe kwa simu. Amebaki Bi Caro wa Naivasha, ambaye zamani alichukua mashati na sasa ana duka la vifaa vya wavuvi wa burudani. Ameagiza vyambo bandia elfu tatu, vile vinavyoelea juu ya maji, vya kumvulia samaki anayemwita blakibasi. Hapa anaitwa luyu. Baba alisema mbele ya Mama na mimi kwamba mzigo huu ukienda vizuri, Bi Caro atakuwa mteja wa kudumu na tutabaki. Ukiharibika, mwezi wa tisa tunarudi Unguja. Kujiandikisha darasa la tisa ni tarehe 28 Agosti.

Ningependa kubaki. Nimeandika mara moja ili nisirudierudie.

Alhamisi, 2 Julai

Nyuzi joto thelathini na sita. Hakuna kilichotokea.

Jumatatu, 6 Julai

Tumekwenda Panyu, kwenye karakana ya Laoban Mai. Laoban ni tajiri au mwenye kazi. Hapa kila mwenye duka ni laoban, lakini huyu anastahili. Ni mwanamke mfupi mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi, na anazungumza kama mtu anayegombana na mashine. Nyuma yake walikuwepo mafundi sita, wote wanawake, wakipaka rangi macho ya samaki wa plastiki kwa sindano.

Alitupatia sampuli tatu. Chambo chenyewe kina urefu wa kidole changu cha kati na umbo la samaki mwembamba. Ndani kina uwazi, na kina ndoana mbili za meno matatu, moja tumboni na moja mkiani. Baba alikichukua akakisugua kwa kidole gumba na cha shahada kama anavyosugua kitambaa. Alikipeleka dirishani kwenye mwanga. Alikinusa.

"Mwambie rangi imepauka," alisema. "Apake vanishi mara tatu, ing'ae. Na ndoana hizi nyembamba kama za kushonea. Aweke kubwa. Mtu akiona dukani aone kitu cha maana."

Nilitafsiri. Laoban Mai alisema maneno mengi. Nilimwambia Baba yale yaliyohitajika, kwamba kazi yote itachukua siku kumi na tisa. Baba alitia sahihi. Tuliacha sampuli mbili na kurudi na moja.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakumleta Anko Vedasto, kwa kuwa yuko mwaka wa tatu wa uzamivu na anasomea samaki.

"Profesa anasomea samaki," alisema Baba. "Mimi nasomea wateja."

Ijumaa, 10 Julai

Mama amesahihisha makosa manne. Baba alirudi kutoka msikitini akiwa na tikiti maji.

Jumamosi, 11 Julai

Tuliondoka alfajiri kwa treni ya kwanza, kisha basi, mpaka ziwa dogo huko Zengcheng ambalo mwenyewe anaruhusu watu kuvua kwa tiketi. Baba alikuja na chupa ya chai akaketi kivulini kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Zamani nilimwona Anko Vedasto kuwa mtu wa kelele. Ni Mhaya wa Bukoba na huwa hapitishi siku bila kututajia jambo hilo. Ziwani hana kelele. Alinisimamisha mahali ambapo majani yanaisha na maji meusi yanaanza.

"Chambo cha juu hakivutwi," alisema. "Kinatembezwa. Rusha, acha viduara viishe. Sasa piga ncha ya fimbo chini, kidogo, kwa kiganja tu. Legeza. Piga. Legeza. Usipolegeza kitakuja moja kwa moja kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini."

Nilipiga na kulegeza. Kwa nusu saa chambo kilikuja kama mwanafunzi. Halafu kilianza kwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kikiacha mkunjo mdogo pande zote mbili. Kilikuwa kimeelea mgongo juu, mkia ukining'inia majini.

"Hapo luyu anaona samaki mgonjwa anayejaribu kufika nyumbani," alisema Anko Vedasto. "Na luyu hana huruma."

Maji yalipasuka. Nilivuta papo hapo na chambo kikaruka hewani bila samaki.

"Umemnyang'anya! Ukisikia kishindo usivute. Subiri usikie uzito."

Mara ya pili nilisubiri. Uzito ulikuja, na mshipi ukaanza kulia. Samaki alikuwa wa kijani, mdomo mkubwa kuliko inavyompasa. Anko Vedasto alimshika taya ya chini, akamtoa ndoana, akamshusha majini taratibu mpaka akaenda zake.

Baba alikuwa amesimama. "Unamtoa, unamtazama, unamrudisha?" aliuliza. "Huo ni uvuvi au ni salamu?"

"Ni ukaguzi, Sheikh. Kama wewe na mashati."

"Mimi shati silirudishi kwenye mti wa pamba."

Tulipata wanne kwa sampuli ile. Baba alimtumia Bi Caro picha.

Jumapili, 12 Julai

Kiganja cha mkono wa kulia kinauma. Sijali.

Jumamosi, 18 Julai

Mvua ya ngurumo mchana kutwa. Hatukutoka. Bi Caro ametuma sauti: "Mzee Samad, wazungu wangu wa wikendi wananisumbua, na mashindano ni Oktoba. Hiyo mzigo ifike, tafadhali. Nimeshawaambia iko njiani." Baba alijibu kwamba upo njiani. Haupo njiani.

Jumamosi, 25 Julai

Vyambo vyote elfu tatu vimekwisha. Tulikwenda kuvikagua. Vinang'aa kama kucha za bibi harusi. Ndoana ni kubwa na nyeusi. Baba alifungua boksi kumi bila mpangilio, akasugua, akapeleka dirishani, akaridhika. Laoban Mai hakumtazama Baba, alinitazama mimi. Kisha akaendelea kuhesabu mifuko.

Baba amechukua vyambo ishirini nyumbani.

Jumamosi, 1 Agosti

Zengcheng. Tumerusha vyambo vipya kuanzia alfajiri mpaka saa nne. Hakuna samaki hata mmoja aliyepanda. Havitembei. Nikipiga na kulegeza, vinainama pua, vinachota maji na kuja moja kwa moja.

"Joto," alisema Baba. "Samaki wamelala chini."

Anko Vedasto alifunga ile sampuli ya zamani kwenye fimbo yake. Mara ya tatu kurusha, alipata luyu wa kilo moja. Baba alisema ni bahati.

Jumatano, 5 Agosti

Joto. Nimemaliza kitabu cha hesabu.

Jumamosi, 8 Agosti

Hatukwenda ziwani leo. Anko Vedasto alikuja na mizani ndogo ya maabara. Alijaza maji kwenye beseni ambalo Mama huloweka mchele, akaweka ile sampuli na chambo kimoja kipya. Sampuli ilielea mgongo juu na mkia chini. Kipya kililala kwa ubavu, halafu kikazama mpaka machoni, kikabaki hapo kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Alipima vyote viwili. Kipya ni kizito kwa karibu robo nzima.

"Amebadilisha plastiki," alisema Baba.

"Huenda ni ndoana, Mzee," alisema Anko Vedasto. "Na hii vanishi. Vitu vidogo hivi, gramu moja ni nyingi."

"Amebadilisha plastiki. Sampuli nzuri, mzigo mbovu. Nimeyaona haya kwenye jinzi, nimeyaona kwenye mashuka. Na asingeniambia kama ndoana ni nzito? Miaka thelathini ya kazi yake, asiseme hata neno?"

Alikaa sebuleni akaandika onyo la kupeleka kwenye kundi la wafanyabiashara, watu zaidi ya mia nne wa Dar, Zanzibar, Mombasa na Kampala. Alinisomea kwa sauti ili nikague jina la Laoban Mai na anwani ya karakana. Vyote vilikuwa sahihi. Mama alisema asubiri mpaka baada ya swala ya Ijumaa, hasira ipoe. Baba alikubali kusubiri. Hakukubali kupoa.

Sasa nitaandika nilichoacha tarehe 6 Julai.

Laoban Mai alisema. Alisema hivi: "Mwambie baba yako anajua nguo, hajui samaki. Hiki si kifungo cha shati. Vanishi mara tatu na ndoana kama hizi, kitazama kama mzoga, na wateja wake watamcheka mpaka afunge duka. Mwambie hivyo hivyo." Mimi nikamgeukia Baba na kusema, "Anasema siku kumi na tisa." Siku kumi na tisa alizisema kweli, mwishoni.

Sikusahau wala sikuwa sijaelewa. Niliona tu kwamba mtoto hawezi kumwambia baba yake maneno yale, na kwamba Baba akishaamua huwa ameamua. Nilifikiri ni adabu. Nilidhani pia, nikiwa mkweli, kwamba mwanamke yule ana mdomo mchafu na hastahili kusikilizwa.

Leo ni Jumamosi. Mama atasoma ukurasa huu Ijumaa. Baba atatuma onyo Ijumaa.

Jumapili, 9 Agosti

Sikusema.

Jumatatu, 10 Agosti

Sikusema. Redio inasema tufani inakuja kutoka kusini mashariki.

Jumanne, 11 Agosti

Ishara ya tufani imefika rangi ya chungwa. Tumenunua maji, mayai na mishumaa. Baba amebandika utepe kwenye vioo vyote kwa umbo la msalaba, halafu akacheka na kusema Vedasto akiona atadhani tumebatizwa. Nilicheka pia. Sikusema.

Jumatano, 12 Agosti

Ishara nyekundu. Treni zimesimama, masoko yamefungwa. Kuanzia asubuhi tulikuwa watatu ndani ya vyumba viwili na sauti ya upepo. Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu. Baba alikuwa na vyambo sita mezani na koleo, anatafuta mahali pa kukata kimoja ili aone plastiki ya ndani.

Nilikaa mbele yake.

"Baba, Laoban Mai alituambia."

"Alituambia nini?"

"Kwamba vitazama."

Hakuinua macho. "Alikuambia wewe."

"Alikuambia wewe. Mimi nilikuwa njia tu."

Aliweka koleo chini. "Na ukasema nini?"

"Nikasema siku kumi na tisa."

"Sema alichosema. Kama alivyosema."

Nikasema. Nilianza na "anajua nguo, hajui samaki" na nikafika mpaka "afunge duka". Sikupunguza chochote. Kwa Kiswahili maneno yale yalikuwa mabaya kuliko nilivyoyakumbuka kwa Kichina. Kisu cha Mama kilinyamaza jikoni.

Baba alisimama, akaenda dirishani, akaanza kubandika upya utepe ambao haukuwa umebanduka.

"Kwa nini?"

"Sikutaka kukuambia hujui, mbele ya wale mafundi."

"Wale wanajua Kiswahili?"

"Hapana."

"Sasa ningeaibika mbele ya nani, Ilham?"

"Mbele yangu," nilisema.

Kitu kikubwa kilianguka mahali fulani nje, bati au ubao wa tangazo, kikavingirika barabarani kwa kelele. Mama alikuja mpaka mlangoni mwa jikoni akiwa na machozi ya vitunguu. Akasimama hapo. Zamani ningesema Mama hakujali. Leo nimeona alikuwa anamtazama Baba mikono, si uso, kama mtu anayesubiri kujua sufuria ya moto itawekwa wapi.

"Unajua nimetafsiriwa na wewe tangu una miaka tisa?" alisema Baba, bado akiwa dirishani. "Bei, siku, vipimo. Mara ngapi umeniachia nusu?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. "Yanapokuwa matusi, kila mara. Yanapokuwa mambo ya kazi, hii ni ya kwanza."

"Na hapa yalikuja pamoja."

"Ndiyo, Baba."

"Basi siku zote wananiona mtu anayetukanwa na kuchekelea."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nilikumbuka mara tatu au nne, Baba akitabasamu na kushukuru huku muuzaji akimtazama kwa mshangao. Nilitaka kuomba radhi, nikaishia kuvipanga vile vyambo sita mezani. Baba aliona.

"Haya," alisema. "Haya, basi. Kula kwanza."

Tulikula mayai. Alasiri upepo ulipopungua, alichukua simu, akalifungua lile onyo, akalisoma lote kwa midomo bila sauti. Akalifuta. Hakunionyesha kuwa analifuta, lakini meza yetu ni ndogo.

Ijumaa, 14 Agosti

Mama amesoma. Kwenye ukurasa wa tarehe 8 hakuna alama nyekundu hata moja. Kwenye tarehe 12 amesahihisha neno moja na kuniwekea kipande cha kashata juu ya daftari.

Jumatatu, 17 Agosti

Panyu. Barabara bado ina matawi ya miti. Kabla ya kuingia, Baba alinishika bega.

"Leo unatafsiri kila kitu. Akinitukana mama yangu, unaniletea."

"Ndiyo, Baba."

Laoban Mai alikuwa anafagia maji yaliyoingia kwenye mlango wa karakana. Baba alisema, nami nikapeleka: kwamba vyambo vinazama, kwamba kosa ni lake yeye Baba, na kwamba alionywa lakini onyo halikumfikia. Nilipofika hapo niliongeza kwa Kichina, kwa niaba yangu, kwamba mimi ndiye niliyelizuia. Baba aliuliza nimesema nini cha ziada. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali.

Laoban Mai aliegemea ufagio. Alinitazama kwanza mimi. "Nilijua," alisema. "Nilisema sentensi kumi, wewe ukasema moja. Kichina si kirefu kiasi hicho." Nilitafsiri. Baba akacheka kidogo, akaacha.

Kisha alimwambia Baba maneno yake, nami nikayapeleka moja moja. Kwamba ana kichwa cha jiwe la kusagia. Kwamba vitu vya majini havikaguliwi dirishani. Kwamba mteja anayelipia ujinga wake huwa anamfanyia kazi anavyotaka, kwa sababu yeye ana mafundi sita wa kulisha, lakini usingizi hakupata. Baba alisikiliza yote kama anavyosikiliza khutuba.

"Muulize, dawa ipo?"

Alisema vanishi haitoki. Lakini ndoana zinatoka. Akaingia ndani akarudi na maboksi mawili ya ndoana zile nyembamba za mwanzo, elfu sita kamili. Alizinunua mwezi wa saba na hakuzirudisha kwa muuzaji. "Nilijua mtarudi," alisema. "Sikujua kama mtarudi kwa adabu au kwa polisi."

Kontena linafungwa tarehe 24. Mafundi wake wanaweza kumaliza nusu ya kazi kwa wakati, kwa kuwa wana oda nyingine. Nusu iliyobaki ni yetu.

Jumanne, 18 Agosti

Kubadilisha ndoana. Unafungua kipete kwa koleo, unatoa kubwa, unaweka ndogo. Kwa saa moja mimi ninamaliza vyambo thelathini na viwili, Mama arobaini.

Jumatano, 19 Agosti

Ndoana. Baba amejichoma mara mbili.

Alhamisi, 20 Agosti

Ndoana. Anko Vedasto amekuja kusaidia na amejisifu kwamba Wahaya wana vidole vya upasuaji. Amejichoma mara tano.

Jumamosi, 22 Agosti

Anko Vedasto alisema mzigo usiondoke mpaka samaki mmoja aukubali. Baba alisema hilo ni jambo la haki. Tukaenda Zengcheng na vyambo vitano vyenye ndoana ndogo.

Baada ya tufani ziwa limejaa na maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Kwenye beseni vyambo vilikuwa vimeelea vizuri, mgongo ukiwa juu kidogo tu. Hapa vilitembea, kwa uvivu, lakini vilitembea. Kushoto, kulia. Saa kumi na mbili mpaka saa mbili hakuna aliyegusa. Nilibadilisha mahali mara nne. Mwenye ziwa alipita akasema "meiyou", hakuna, maji machafu, rudini kesho. Kesho hatuna.

Saa tatu kasoro Baba alisema, "Nipe."

Hakuwahi kushika fimbo majira yote haya. Alivua viatu, akasimama mahali ambapo nyasi zimezama. Mara ya kwanza alirusha kwenye mti. Mara ya pili mshipi ulimzunguka begani na Anko Vedasto akasema, "Sheikh, unajifunga kilemba." Mara ya tatu chambo kilitua karibu na gogo lililoletwa na mafuriko. Baba alipiga na kulegeza, taratibu mno, taratibu kuliko ambavyo ningethubutu. Kati ya kupiga na kupiga ungeweza kusema sentensi nzima.

"Haraka kidogo," nilisema.

"Maji haya hayaoni," alisema. "Mteja asiyeona humkimbizi."

Maji yalifunguka kama mtu amepiga kofi bakulini. Nilimtazama Baba mkono. Hakuvuta. Alisubiri mpaka fimbo ilipoanza kuinama yenyewe, ndipo akaiinua.

Alikuwa luyu mdogo, urefu wa kiganja na nusu. Anko Vedasto alimtoa ndoana na kumuuliza Baba anamtaka au anamrudisha. Baba aliinama, akamtazama samaki kwa muda, akasema amrudishe, ana kazi ya kukua. Chambo alikitia mfukoni na ndoana zake, na ndoana zikang'ang'ania kitambaa mpaka tulipofika nyumbani Mama akalazimika kuukata mfuko.

Jumatatu, 24 Agosti

Mzigo umeondoka. Kabla ya kuupeleka, Baba alimrekodia Bi Caro ujumbe wa dakika tatu. Alimweleza yote: rangi, ndoana, onyo, na kwamba vyambo hivi vinakaribia sampuli lakini si kama sampuli. Kuhusu mimi alisema, "Ujumbe haukunifikia," basi.

Hajajibu.

Jumanne, 25 Agosti

Hajajibu.

Jumatano, 26 Agosti

Mama amefungua kabati la juu na kushusha masanduku, akayapangusa, akayaacha sakafuni. Hajasema ni ya nini. Nimezoea wazo la Unguja zaidi kuliko nilivyotarajia. Bado ningependa kubaki.

Alhamisi, 27 Agosti

Bi Caro amejibu mchana. Baba aliweka simu katikati ya meza.

"Mzee Samad, nimekusikiza mara mbili. Kwanza nikakasirika, nikaweka simu kwa droo. Sasa niko sawa. Hizo nitauzia watu wanaoanza, wale hawajui kurusha bado, hata mti wanaurushia. Lakini skiza. Oda ya pili nataka Disemba, na hiyo rangi na hizo ndoana aamue huyo mama wa kiwanda. Si wewe. Wewe usiguse. Umenielewa? Na asante kwa kunishow mapema, kabla nifungue boksi mbele ya watu."

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Usiguse," alisema. Kisha akaisikiliza tena sehemu ya Disemba.

Mama aliyarudisha masanduku kabatini.

Ijumaa, 28 Agosti

Nimejiandikisha. Foleni ilikuwa ndefu. Baba amesema ni muhula huu kwanza, mengine tutaona Disemba. Nimesema sawa.

Jumapili, 30 Agosti

Anko Abubakary wa Kariakoo amekuja nyumbani. Ananunua vifaa vya shule mtaa wa Yide Lu, na kesho ana mkutano na mtengenezaji wa mikebe ya penseli. Amesikia kwamba natafsiri. Aliongea na Baba, kama watu wengi, lakini Baba akamwelekeza kwangu kwa kidevu.

"Nitakuja, Anko," nilisema. "Ila nitatafsiri kila atakachosema. Hata likiwa baya."

Alicheka, kisha akaona kwamba Baba hacheki.

"Kwani huwa wanasema mabaya?"

"Utatukanwa kwa Kiswahili fasaha," alisema Baba. "Mimi nimeshazoea."

Jumatatu, 31 Agosti

Tumekwenda na basi la saa tatu. Mtengenezaji ni kijana mwenye haraka. Anko Abubakary alitaka bawaba ya mkebe iwe ya plastiki nyembamba zaidi ili mkebe uwe mwepesi. Kijana alimjibu, nami nikasema kama alivyosema: "Mtu huyu hajawahi kumwona mtoto akifungua mkebe. Atakuwa na mifuniko elfu kumi sakafuni ndani ya wiki moja."

Anko Abubakary alinitazama kana kwamba nimesema mimi. Masikio yake yalibadilika rangi. Nilisimama wima nikasubiri, mikono nyuma, kama tunavyosimama darasani.

Aliuchukua mkebe, akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mara nyingi, jinsi mtoto anavyofanya mwalimu akiwa anaongea.

"Muulize," alisema, "yeye angeweka bawaba gani."